Mafundi wawili, mkopo mmoja: pengo la mali linavyojengwa, na sera zilizowahi kulipunguza

Karani wa Mikopo (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa karani wa mikopo kwa miaka 11 katika chama kidogo cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja. Kila mjadala wa pengo la walionacho na wasionacho unapozuka, watu hugawanyika pande mbili. Hawa wanasema maskini ni mvivu, wale wanasema tajiri ni mwizi. Mafaili niliyoyashika kwa mikono yangu hayaungi mkono upande wowote, ndiyo maana nimeona nilete uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka wangu wa tatu kazini walikuja mafundi cherehani wawili, wanawake, umri wao ukikaribiana. Kila mmoja alikuwa na cherehani moja. Wote walikuwa wanashona sare za shule, na wote waliomba mkopo wa kiasi kilekile ili wanunue cherehani ya pili, ya umeme. Tofauti yao ilikuwa moja tu: wa kwanza alikuwa na hati ya kiwanja alichoachiwa na baba yake, wa pili hakuwa na cha kuweka dhamana zaidi ya cherehani zenyewe. Kwa kanuni zetu mwenye hati alipewa riba ya chini na miaka mitatu ya kulipa. Asiye na hati akapewa riba ya juu na miezi 18. Kwa hiyo fundi wa pili alitakiwa kuleta kila mwezi zaidi ya mara mbili ya alicholeta mwenzake, kwa kazi ileile na bei ileile ya sare.

Mwezi wa saba mtoto wa fundi wa pili alilazwa siku tisa. Mwezi wa nane hakuleta rejesho. Mwezi wa tisa akaleta nusu. Mwezi wa kumi akauza cherehani zote mbili, akamaliza deni, akabaki na fedha isiyotosha kununua hata moja. Risiti ya kufunga deni nilimkabidhi mimi mwenyewe. Katika daftari letu yule mama anasomeka kama mteja wa mfano, maana kwenye safu ya mwisho imeandikwa: "Amelipa kabla ya muda."

Fundi wa kwanza naye aliuguliwa mwaka uliofuata. Alikuja asubuhi akaomba kusogezewa miezi minne, akakubaliwa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu hati yake ilikuwa kwenye kabati letu.

Hoja yangu ni hii. Pengo kubwa halijengwi na mshahara wa kila siku. Linajengwa siku mbaya zinapofika, pale ambapo mmoja anauza kitendea kazi na mwingine anasogeza tarehe. Anayeamua nani auze na nani asogeze ni mali, na mali mara nyingi imekuja kabla mtu hajaanza kufanya kazi.

Takwimu za dunia zinaonesha hivyohivyo. Ripoti ya dunia ya ukosefu wa usawa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba asilimia 10 ya watu wa juu wanachukua takriban asilimia 52 ya kipato chote, na nusu ya chini ya binadamu wanapata asilimia 8.5. Hapo ni kipato. Ukija kwenye mali, yaani ardhi, nyumba, hisa, akiba, asilimia 10 ya juu wanamiliki asilimia 76 na nusu ya chini wanamiliki asilimia 2. Someni tena hiyo 2. Mtu aliye kwenye nusu ya chini anaweza kuwa na kipato, lakini hana cha kuegemea kipato hicho kikikatika mwezi mmoja.

Na mali ina tabia ya kujizalisha. Akiba inayokua kwa asilimia 7 kwa mwaka hujirudufu kwa takriban miaka 10. Mshahara unaopanda kwa asilimia 2 huchukua miaka 35. Waweke watu wawili kwenye mstari mmoja leo, mmoja anaishi kwa mshahara na mwingine kwa mali, halafu rudi baada ya kizazi kimoja. Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake wala aliyezembea.

Pale ambapo wizi ulikuwepo, nao ulifanywa kwa sheria. Afrika Kusini mwaka 1913 ilipitisha sheria iliyowazuia Waafrika, waliokuwa wengi, kununua ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa, na maeneo hayo yalikuwa takriban asilimia 7 ya nchi. Mwaka 1936 yakaongezwa hadi kama asilimia 13. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1991, lakini kufuta sheria hakurudishi vizazi vitatu vya kukosa dhamana, kukosa urithi na kukosa cha kusomeshea. Hadi leo nchi ile iko juu kabisa duniani kwa pengo la walionacho na wasionacho: kwa kipimo kiitwacho Gini iko kama 0.63.

Swali langu kwenu: ni sera gani inamzuia mtu wa kawaida asiuze kitendea kazi chake siku mbaya, na ipi inatoza mali kubwa inapoongezeka? Nitazipima zote kwa swali hilo. Karibuni.

Mwenye Karakana

Mleta mada nimekusoma hadi mwisho, na huyo mama amenigusa. Ila siungi mkono hoja yote. Mimi nilianza na msumeno mmoja wa mkono, sikurithi hata kiti. Leo nina vijana sita. Ukisema mali imekuja kabla ya kazi unawakatisha tamaa wanaoanza kama mimi. Kuna watu wanapata mtaji wanaunywa. Juhudi ina nafasi yake, tusiifiche.

Karani wa Mikopo (mleta mada)

Mkuu, heshima kwako kwa hao vijana sita. Juhudi siifichi. Nimewaona waliokula mkopo, nami ndiye niliyekuwa nawapigia simu. Lakini nikuulize kitu: katika miaka yako mitano ya mwanzo, kuna mwezi uliwahi kuuguliwa na mtu wa nyumbani hadi kulazwa? Kama hukuwahi, basi ulikuwa na juhudi na pia ulipona. Kama uliwahi na ukavuka, kuna mtu alikushika mkono.

Fundi wa pili nilikuja kukutana naye miaka miwili baadaye. Alikuwa ameajiriwa na fundi wa kwanza, analipwa kwa kila sare anayomaliza. Mwenye kazi mwenyewe aliniambia kwamba katika chumba kile hakuna anayemfikia kwa kasi, hata yeye. Kwa hiyo kama ni juhudi, aliyezidi ni aliyeuza.

Mwenye Karakana

Kulikuwa na shemeji yangu. Alinilipia hospitali mwaka wa pili, mke wangu alipojifungua kwa upasuaji. Sikuwa nimeliweka kwenye hesabu hilo. Nakubali.

Kijana wa Takwimu

Naomba kuongezea kidogo kuhusu Gini, maana watu wanaitaja bila kuifafanua. Ni kipimo cha Corrado Gini, Mwitalia, cha mwaka 1912. Sifuri maana yake kila mtu ana sawa, moja maana yake mtu mmoja ana vyote. Nchi za Skandinavia ziko karibu na 0.27 kwa kipato.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kipimo hicho huchukuliwa mara mbili: kabla ya kodi na misaada ya serikali, na baada yake. Ufaransa kabla ya kodi na malipo ya serikali iko karibu na 0.5, ambayo ni kubwa. Baada yake inashuka hadi karibu 0.3. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini huanzia karibu palepale, na kodi zao na malipo yao hubadilisha kidogo sana. Maana yake soko la Ufaransa haligawi kwa huruma kuliko masoko mengine. Tofauti inatokea serikali inapokusanya na kugawa. Hii inamjibu yule anayesema pengo ni maumbile na halirekebishiki.

Mhasibu Mstaafu

Vijana mmeongea vizuri. Mimi nimetoza na kukagua kodi maisha yangu yote ya kazi, naomba niseme juu ya kodi yenyewe, maana siyo kila kodi inapunguza pengo. Nyingine inalipanua.

Chukueni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Familia ina kipato cha 100 na inatumia yote, haibakizi kitu. Katika hiyo 100 iliyotumika, kama 15 ni kodi. Familia nyingine ina kipato cha 1,000, inatumia 400, inaweka 600. Kodi iliyomo kwenye 400 ni kama 61. Kwa hesabu ya fedha tupu tajiri amelipa zaidi, na wanasiasa hupenda kusimama hapo. Kwa uwiano, maskini ametoa asilimia 15 ya kipato chake, tajiri asilimia 6. Nimechukulia kila bidhaa inatozwa. Nchi nyingi husamehe vyakula vya msingi na dawa, na msamaha huo unapunguza ukali, ila haubadilishi mwelekeo.

Halafu angalieni ile 600 iliyowekwa. Ikinunua hisa au jengo, ongezeko la thamani yake mara nyingi halitozwi mpaka mali iuzwe, na ikiuzwa hutozwa kwa kiwango cha chini kuliko mshahara. Marekani kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 37, na cha faida ya mali iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja ni asilimia 20. Mwenye mali akifariki bila kuuza, mrithi huhesabiwa kana kwamba alinunua kwa bei ya siku ya kifo, na faida ya miaka yote iliyopita haitozwi tena kodi ya mapato. Mwenye mshahara hana mlango kama huo, kwani kodi yake inakatwa kabla hajaiona.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako la pili jibu lake liko hapa: majengo, ardhi ya mijini na faida za mali zitozwe sawasawa na jasho. Sisemi zaidi ya jasho. Sawasawa.

Mwenye Karakana

Mzee wangu, matajiri si watahama na fedha zao? Kila nchi ikitoza, wao wanapeleka kule kusikotozwa, sisi wa kati tunabaki kukamuliwa.

Mhasibu Mstaafu

Hofu hiyo ina msingi, sitaidharau. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini mambo mawili yamebadilika. Tangu mwaka 2017 nchi nyingi, sasa zaidi ya 100, hupeana taarifa za akaunti za benki za wakazi wa wenzao bila kusubiri kuombwa. Siri ya benki iliyokuwa kinga ya wengi imetobolewa. Pili, Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe angalau asilimia 15 popote faida ilipoandikwa. Utekelezaji unasuasua na una mianya, ila hapo nyuma hata makubaliano yenyewe yalionekana ndoto.

Na ardhi haihami, kijana wangu. Jengo la ghorofa 20 halipandi ndege. Ndiyo maana kodi ya ardhi na majengo ni ngumu kuikwepa, na ndiyo maana wenye ushawishi huipinga kuliko zote. Serikali nyingi hazina hata daftari la sasa la thamani ya majengo, zinatoza kwa thamani ya miongo iliyopita. Hapo hakuhitajiki sheria mpya. Wanahitajika wathamini na kompyuta.

Nisisitize pia kwamba viwango vikubwa peke yake havitoshi. Marekani miaka ya 1950 kiwango cha juu kilikuwa kama asilimia 91, na uchumi ulikua vizuri, ila waliolipa hiyo 91 walikuwa wachache kwa sababu misamaha ilikuwa mingi. Mwaka 1988 kiwango kilishuka hadi 28. Kabla hujabishana kuhusu kiwango, kagua kwanza misamaha.

Kijana wa Takwimu

Hapo kuna mfano unaotatanisha, nataka mleta mada aujibu. Sweden ilifuta kodi ya mirathi mwaka 2004 na kodi ya mali mwaka 2007. Pengo lake la mali ni kati ya makubwa Ulaya. Na bado pengo la kipato ni dogo na watu wa chini wanaishi vizuri. Hoja yako kwamba mali ndiyo kila kitu inasimamaje?

Karani wa Mikopo (mleta mada)

Mkuu, umenibana penyewe. Nimelala na swali hili usiku mzima.

Nadhani Sweden inaonesha kwamba mali ina kazi mbili, nami nimekuwa nikizichanganya. Kazi ya kwanza ni kumkinga mtu siku mbaya. Ya pili ni kumpa sauti kubwa, kununua ushawishi, kurithisha nafasi. Sweden imeihamisha kazi ya kwanza kutoka kwenye mali ya mtu binafsi kwenda kwenye hazina ya umma. Mtoto akilazwa, hospitali inalipwa na kodi. Baba akipoteza kazi, kuna malipo. Shule na chuo havidai ada. Fundi cherehani wa kule asiye na urithi hana sababu ya kuuza cherehani. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa mali na asianguke.

Kazi ya pili bado iko mikononi mwa wachache, na hapo nadhani Sweden imeacha deni ambalo wajukuu wao watalidai. Narekebisha hoja yangu: kama huwezi kugawa mali, gawa kinga. Ukiweza vyote, fanya vyote.

Mwalimu wa Chekechea

Mimi nataka tuanze mapema zaidi ya mkopo na kodi. Pengo lipo darasani kwangu siku ya kwanza, watoto wakiwa na miaka minne. Yupo anayeshika kitabu na kukifungua upande sahihi, na yupo ambaye hajawahi kukishika. Yupo anayesinzia saa nne kwa sababu hajala. Siku hiyohiyo hawajafanya juhudi wala uvivu, ni watoto.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtunga sera angeujua. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kundi moja walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu hakwenda na mashine. Alikwenda na midoli ya kutengenezwa nyumbani, akamfundisha mama namna ya kucheza na mtoto, kumtajia majina ya vitu, kumsifu. Basi. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia watoto ambao hawakudumaa kabisa.

Saa moja kwa wiki! Nikifikiria ni mikutano mingapi ya saa moja hufanywa kujadili umaskini, moyo unaniuma.

Na shule yenyewe inaweza kupanua pengo ikigawa watoto mapema. Ufini ilikuwa inawatenganisha wakiwa na miaka 11, hawa wa sekondari ya kitaaluma, wale wa kazi za mikono. Kati ya 1972 na 1977 ikabadilisha, wakasoma pamoja hadi miaka 16. Waliofuatilia walikuta uhusiano wa kipato cha baba na cha mwana ulipungua kwa karibu robo. Hakuna mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kilichofanyika ni kuchelewesha uamuzi hadi mtoto aonekane mwenyewe, badala ya kuonekana wazazi wake.

Binti wa Mjane

Asante mwalimu. Naomba niongeze jambo ambalo wanaume kwenye uzi huu hamjaligusa. Mleta mada amesema fundi wa kwanza aliachiwa kiwanja na baba yake. Ana bahati. Sisi baba alipofariki, baba wadogo walikuja siku ya arobaini na karatasi. Mama hakuwa na jina kwenye hati. Tulitoka na masanduku mawili. Ukosefu wa usawa wangu mimi haukuanzia sokoni, ulianzia sebuleni kwetu.

Rwanda ilitunga sheria mwaka 1999 ya kumpa binti haki sawa ya kurithi na mtoto wa kiume. Sheria peke yake haikutosha, kwa hiyo kati ya 2009 na 2013 wakapima na kusajili ardhi nchi nzima, zaidi ya vipande milioni 10, na kwa wanandoa waliofunga ndoa kisheria majina yote mawili yaliandikwa. Kina mama wengi walipata karatasi ya kwanza maishani yenye jina lao na kipande cha ardhi. Lakini walioishi na wanaume bila ndoa iliyosajiliwa hawakukingwa vilevile, na watafiti waliona haki zao zikififia. Somo ni kwamba ukisajili mali bila kuangalia ndoa za watu zilivyo, unaweza kuwaongezea wenye karatasi na kuwafuta wasio nayo.

Karani wa Mikopo (mleta mada)

Pole sana dada, na asante kwa kulisema. Umenikumbusha kwamba fomu yetu ya mkopo ina sehemu ya "jina la mwenye hati", na kwa miaka yote hiyo wanawake wengi walikuwa wakiandika jina la mtu mwingine hapo. Mimi niliona ni jambo la kawaida.

Umetaja ardhi, basi niitaje Korea Kusini. Kabla ya mageuzi, wakulima wengi walikuwa wapangaji wanaotoa karibu nusu ya mavuno kwa mwenye shamba. Mwaka 1950 sheria iliweka kikomo cha takriban hekta tatu kwa familia. Kilichozidi kilinunuliwa na serikali na kuuzwa kwa aliyekuwa akilima, alipe jumla ya asilimia 150 ya mavuno ya mwaka mmoja, kidogo kidogo kwa miaka mitano. Wenye mashamba walilipwa kwa hati za serikali ambazo mfumuko wa bei wa wakati wa vita ulizila. Kwao ilikuwa hasara kubwa, tusiifiche. Lakini mavuno yaliyokuwa yakienda kwa mwenye shamba yalibaki nyumbani, na familia nyingi ziliyageuza ada za shule. Korea ilipoanza viwanda miaka ya 1960, ilianza ikiwa na watu waliokaribiana. Nchi nyingi zilijaribu kinyume chake, zikue kwanza halafu zigawane, na ule wakati wa kugawana haukufika.

Mwenye Karakana

Sasa hizi fedha za kugawa kila mwezi kwa maskini mnasemaje? Mimi bado sizielewi. Mtu akipewa bure atafanya kazi kweli?

Kijana wa Takwimu

Brazil ndiyo shule hapo. Mwaka 2003 ilianzisha Bolsa Família. Familia maskini zinalipwa kila mwezi, sharti mtoto ahudhurie shule na apate chanjo, na kadi nyingi sana ziliandikwa jina la mama. Gharama yake ilikuwa kama asilimia 0.5 ya pato la taifa, ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hakukuonekana watu kuacha kazi kwa wingi. Gini ya kipato ilishuka kutoka karibu 0.59 mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi karibu 0.53 muongo mmoja baadaye.

Ila tuseme ukweli wote: sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokana na mishahara ya watu wa chini, pamoja na kima cha chini kilichokuwa kikipandishwa juu ya mfumuko wa bei. Fedha za mpango zilichangia sehemu. Na wale wa juu kabisa, ukiwapima kwa taarifa za kodi, hawakuguswa sana. Brazil ilijenga sakafu, dari ikabaki ilipokuwa.

Kima cha chini nacho watu husema kinaua ajira. Ujerumani haikuwa nacho kitaifa hadi Januari 2015, ikaanza na yuro 8.50 kwa saa. Walitabiriwa watu wengi sana kufukuzwa. Haikutokea hivyo. Lakini kima cha chini kinamfikia mwenye mwajiri na karatasi ya mshahara. Fundi anayelipwa kwa kipande hakimgusi.

Mhasibu Mstaafu

Na kabla hatujasema fedha za kugawa hazipo, tuangalie zinazogawiwa tayari kwa walio juu. Ruzuku ya mafuta ya magari hutolewa kwa lita. Mwenye magari matatu anapata mara tatu ya mwenye moja, mwenye miguu anapata kidogo kupitia nauli. Makadirio ya nchi zinazoendelea yalionesha kuwa moja ya tano ya juu ya watu hupata takriban mara sita ya wanachopata moja ya tano ya chini. Iran Desemba 2010 ilipandisha bei za nishati na kuwalipa wananchi fedha taslimu badala yake. Mfumuko wa bei baadaye uliila thamani ya malipo hayo kwa sababu hayakupandishwa, lakini njia yenyewe ilikuwa sahihi. Ukiiga, funga malipo na bei zipande pamoja.

Binti wa Mjane

Mleta mada, umetupitisha mbali. Sasa sema wewe. Ungepewa jambo moja tu la kuanza nalo, ungeanza na lipi?

Karani wa Mikopo (mleta mada)

Dada, ningeanza na bili ya hospitali.

Ujerumani ilianza bima ya ugonjwa mwaka 1883 kwa kukata mishahara ya wafanyakazi wa viwandani. Njia hiyo inafaa pale wengi wana mwajiri. Wengi duniani hawana. Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni Thailand. Mwaka 2001 na 2002 walisema kila raia asiye na bima ya kazini atibiwe kwa baht 30 kwa ziara, na kinachobaki kilipwe na kodi ya jumla, bila kumdai mkulima au mchuuzi michango ya kila mwezi ambayo wangeshindwa kuikusanya. Haikuwa nchi tajiri. Walikuwa wametoka kwenye msukosuko wa fedha wa mwaka 1997, na walioonya kwamba haitawezekana walikuwa wengi. Idadi ya familia zinazofilisika kwa matibabu ilishuka, na mpango ukavuka serikali baada ya serikali, kwa sababu hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuufuta.

Fedha zake ningezitafuta kule alikoonesha mzee wetu mhasibu: kwenye majengo, kwenye faida ya mali inayouzwa, na kwenye ruzuku ya lita. Mwalimu ningempa wahudumu wake wa saa moja kwa wiki mara tu bajeti ikipumua, maana hao ni rahisi kuliko barabara ya kilomita chache.

Kwa huku kwetu kazini, mambo ni madogo mno kuitwa sera, lakini niseme. Baada ya fundi wa pili kuondoka nilifanya hesabu yake upya. Bili ya siku tisa hospitalini, ukijumlisha na marejesho mawili yaliyokwama, haikufika nusu ya bei ya cherehani moja. Hicho ndicho kilichomtoa kwenye kumiliki na kumweka kwenye kuajiriwa. Nikapeleka pendekezo kwenye kamati: mteja yeyote aliye na cheti cha kulazwa asogezewe miezi miwili bila adhabu, awe na hati au asiwe nayo. Lilikataliwa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na faili lake lenyewe, nikalisoma kwa sauti hadi pale panaposema "Amelipa kabla ya muda", nikawaeleza alivyolipa.

Sasa fomu yetu ina mstari mpya chini ya ule wa jina la mwenye hati. Unasema: "Je, kuna mgonjwa nyumbani?" Mwaka jana watu 14 waliujaza, na 13 kati yao bado wana vitendea kazi vyao. Wa 14 alikuja akiwa ameshauza.